Kona Nje ya Gridi, Waya Nje ya Traki: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo Katika Mpangilio wa Chipu

Ripoti ya ukaguzi inarudi na maelfu ya makosa ya gridi, na wengi jambo la kwanza wanalofanya ni kugeuzageuza vigezo vya programu ya kuelekeza nyaya. Nyaya zinaelekezwa upya usiku kucha, na asubuhi makosa ni yale yale. Makosa ya aina hii kwa kawaida hayana vyanzo maelfu. Yana kimoja au viwili: namba iliyoandikwa mapema mahali fulani, ikasambaa. Namba hiyo huacha alama yake kwenye ripoti, na anayejua kuisoma alama hukipata chanzo kwa hesabu ya kugawanya tu.

Mifano yote hapa imetoka kwenye SKY130, mchakato wa nanomita 130 wa kampuni ya SkyWater ya Marekani, uliowekwa wazi mwaka 2020 kwa ushirikiano na Google. Nimeuchagua kwa sababu yeyote anaweza kufungua faili zake na kuhakiki kila namba bila kusaini mkataba wa siri. Vipimo ni vya mikromita pale penye nukta ya desimali, na maktaba ya seli, yaani vipande vidogo vya saketi vilivyochorwa tayari, ni sky130_fd_sc_hd. Mantiki yenyewe haibadiliki ukihamia mchakato mwingine. Zinabadilika namba tu.

Gridi ya kiwanda na traki si kitu kimoja

Gridi ya utengenezaji ni ya kiwanda. Kwenye SKY130 ni 0.005, yaani nanomita 5, na kwenye faili la LEF la teknolojia, linaloieleza programu matabaka na sheria zake, imeandikwa MANUFACTURINGGRID 0.005. Kila kona ya kila umbo linalokwenda kwenye maski (kiolezo cha kuchapia chipu) lazima iangukie kwenye kigawe cha nanomita 5, kwa x na kwa y. Sababu iko kwenye mashine inayoandika maski. Mchoro wako huvunjwa kuwa maumbo madogo, na kila umbo hupewa anwani ambayo mashine inaweza kuifikia. Kona iliyo kati ya anwani mbili itasukumwa upande mmoja, na hakuna anayekuahidi ni upande upi. Pengo ulilolichora kwa upana halali linaweza kutoka likiwa jembamba kuliko sheria inavyotaka. Ndiyo maana kiwanda hakijadiliani juu ya jambo hili.

Traki ni za programu. Ni mistari ya kufikirika ambayo kila tabaka la metali hupewa ili katikati ya waya ipite juu yake. Kila tabaka lina pichi, yaani umbali kati ya traki na traki, na ofseti, yaani mahali traki ya kwanza inapoanzia kutoka ukingo wa chipu. Faili la GDS linalokwenda kiwandani halina traki hata moja. Waya ulio nje ya traki ni halali kabisa kiwandani, mradi kona zake ziko kwenye gridi ya nanomita 5 na upana na mapengo yanatosha. Unachopoteza ni nafasi na muda: waya mmoja nje ya traki huziba traki mbili, kisha jirani zake nao husukumwa.

Hizi ndizo traki tunazozitumia:

met1, mlalo: pichi 0.34, ofseti 0.17
met2, wima: pichi 0.46, ofseti 0.23
met3, mlalo: pichi 0.68, ofseti 0.34
met4, wima: pichi 0.92, ofseti 0.46
met5, mlalo: pichi 3.40, ofseti 1.70

Uhusiano wa gridi hizi mbili ni wa upande mmoja. Pichi na ofseti zote lazima ziwe vigawe vya nanomita 5, la sivyo traki zenyewe zitaivunja gridi ya kiwanda kila baada ya hatua chache. Ukigawanya namba za hapo juu kwa 0.005 hupati baki popote. Kinyume chake si kweli: kona inaweza kuwa kwenye gridi ya kiwanda na bado ikawa mbali na traki yoyote. Kati ya traki mbili za met2 kuna hatua 92 za gridi ya kiwanda.

Kuna jambo la tatu linalowachanganya wengi. Faili la DEF, linaloeleza seli na nyaya zilivyowekwa, kwa kawaida huandikwa kwa uniti 1000 kwa kila mikromita, kwa hiyo namba ndogo kabisa inayoweza kuandikwa ni nanomita 1. Faili litakubali 231 bila kulalamika, ingawa kiwanda kinataka 230 au 235. Muundo wa faili haukulindi.

Swali la kwanza: namba ipi haigawanyiki?

Kabla ya kugusa chochote, chukua kona moja kutoka kwenye ripoti, igeuze iwe nanomita, kisha ugawanye mara mbili. Kwanza kwa 5. Ikibaki chochote, tatizo ni la gridi ya kiwanda na chipu haitapita. Isipobaki kitu, tafuta katikati ya waya au ya pini (mahali waya unapoungana na seli), toa ofseti ya tabaka husika, kisha ugawanye kwa pichi. Ikibaki kitu hapo, tatizo ni la traki.

Tuseme pini ya met2 ina katikati yake kwenye x = 5.230. 5230 kwa 5 ni 1046 kamili. 5230 toa 230 ni 5000. Ukigawanya kwa 460 unapata 10 na baki 400. Kiwanda hakina neno na pini hiyo, ila programu ya kuelekeza nyaya italazimika kuifuata nje ya traki. Kona iliyo kwenye 5.523 ni habari nyingine: baki 3, na lazima irekebishwe.

Nimewaona watu wakitumia siku nzima kusogeza pini kwenye traki ili kufuta makosa ya gridi ya kiwanda, na wengine wakiandika upya umbo halali kwa sababu tu halikuwa juu ya traki. Mgawanyo huu mmoja ungewaokoa wote wawili.

Dalili: maelfu ya makosa ya gridi, na baki ni ile ile kila mahali

Hii ndiyo dalili inayotisha zaidi na ndiyo rahisi kuliko zote kuponya. Ukichukua kona kumi kutoka sehemu mbalimbali za makosa na zote zina baki 3 kwa x, huku y ikiwa safi, basi maumbo yenyewe hayana kasoro. Kilicho nje ya gridi ni asili, yaani nukta ya sifuri, ya seli au ya makro (kipande kikubwa kilichochorwa tayari) iliyowekwa. Mtu ameweka makro kwenye x = 140.003, na kila kona ndani yake imesogea nanomita 3.

Chanzo cha kawaida ni kuweka kitu kwa kuburuta na kipanya bila kuwasha mkamato wa gridi, unaosukuma kona hadi kwenye gridi, au skripti iliyogawanya upana kwa idadi ya safuwima. Ukigawanya mikromita 100 kwa 7 unapata 14.2857 na zaidi. Nakala ya kwanza itakaa vizuri, ya pili itaanza kukosa. Katika hali ya safuwima, baki haitakuwa moja kwa chipu nzima bali moja kwa kila nakala, na hilo pia linasomeka: ndani ya nakala moja kona zote zinakubaliana.

Tiba ni kusahihisha mahali pa kuwekea, si maumbo. Usikubali kushawishika kuendesha amri ya kukamata kona zote za chipu kwenye gridi. Amri hiyo hufuta ujumbe wa kosa, lakini inaweza kusogeza ukingo mmoja wa waya kwenda kushoto na ukingo wa jirani yake kwenda kulia, ukabaki na pengo lisilotosha mahali ambapo jana palikuwa safi.

Kwenye KLayout, programu ya kutazama na kukagua michoro ya chipu, skripti fupi inatosha kukuonyesha makosa yalipo. Namba 68/20 ni tabaka la met1 kwenye SKY130, na met2 hadi met5 ni 69/20 hadi 72/20:

report("gridi")
input(68, 20).ongrid(0.005).output("met1 nje ya gridi")
input(69, 20).ongrid(0.005).output("met2 nje ya gridi")

Dalili: baki zinatofautiana ovyo, kona kwa kona

Hapa asili ya seli haihusiki. Umbo lenyewe limetokana na hesabu isiyotoa namba kamili, na wahusika wakuu ni watatu.

Wa kwanza ni duara: koili, pete, nembo ya chuo, maandishi yenye mikunjo. Programu hugeuza duara kuwa umbo la pembe nyingi, na kona zake huangukia popote. Chora upya kwa kona zilizokamatwa kwenye nanomita 5 tangu mwanzo, na kumbuka kwamba nembo ikiwa kwenye tabaka la metali inahukumiwa kwa sheria zile zile za waya.

Wa pili ni kupunguza au kukuza ukubwa. Mtu anachukua mchoro wa zamani na kuuzidisha kwa 0.9. Waya wa 0.17 unakuwa 0.153, pichi ya 0.46 inakuwa 0.414, na hakuna hata moja kati ya hizo inayogawanyika kwa 0.005. Sioni njia ya mkato hapa. Mchoro uliopunguzwa hivyo unapaswa kuchorwa upya kwa vipimo vya mchakato mpya.

Wa tatu ni waya wa mshazari, na huyu anastahili uangalifu zaidi. Waya wa met1 una upana wa chini wa 0.14. Ukiulaza kwa nyuzi 45, kona za mwisho wake ziko umbali wa 0.07 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2 kutoka mstari wa katikati, kwa x na kwa y, yaani 0.0495. Namba hiyo haiko kwenye gridi. Ikikamatwa kwenda juu hadi 0.050, waya unakuwa na upana wa 0.1414 na uko salama. Ikikamatwa kwenda chini hadi 0.045, upana unashuka hadi 0.127 na sasa una kosa la upana badala ya kosa la gridi. Ukiona makosa ya upana yaliyotokea ghafla baada ya kusafisha gridi, na yote yako kwenye mishazari, hapo ndipo pa kuangalia. Chora mishazari kama umbo lenye kona ulizoziandika mwenyewe, usiiachie programu ikokotoe kutoka mstari wa katikati.

Dalili: katikati ya waya iko kwenye traki, lakini kingo zake zote mbili ziko nje ya gridi

Waya huandikwa kwenye DEF kwa mstari wa katikati na upana. Kingo hupatikana kwa kutoa na kujumlisha nusu ya upana. Kwa hiyo haitoshi upana uwe kigawe cha nanomita 5. Nusu yake nayo lazima iwe hivyo, yaani upana uwe kigawe cha nanomita 10.

Mtu anakokotoa mkondo wa umeme, anaona 0.14 haitoshi, anaandika kanuni ya upana wa 0.165 kwa nyaya fulani. 165 inagawanyika kwa 5, hivyo anaridhika. Lakini nusu yake ni 82.5, na waya ulio kwenye traki ya 0.230 unapata kingo kwenye 0.1475 na 0.3125. Uniti ya faili haiwezi hata kuandika namba hizo, hivyo zinasukumwa. Ukiandika 0.16 au 0.17 tatizo linatoweka.

Waliotengeneza SKY130 walilijali hili. Upana wa chini wa met1 na met2 ni 0.14, wa met3 na met4 ni 0.30, wa met5 ni 1.60, via (viunganishi vya wima) za kati ya matabaka zina 0.15, 0.20 na 0.80. Zote ni vigawe vya 0.010. Ukibaki kwenye namba za kawaida hutakutana na kosa hili. Linakuja pale unapoandika upana wako mwenyewe.

Pini za makro zina ugonjwa huo huo kwa njia ya kificho. Pini inayoanzia 0.200 hadi 0.345 ina kingo safi, lakini katikati yake ni 0.2725. Programu ikitaka kushusha via katikati ya pini hiyo, itaishusha nje ya gridi au itakataa.

Dalili: programu inasema pini haifikiki

Kwenye OpenROAD, programu ya kupanga seli na kuelekeza nyaya, ujumbe huu huja na namba DRT-0073, na ukiuona usikimbilie kudhani ni gridi. Kuna vyanzo visivyohusika na gridi kabisa: mkanda wa umeme uliopita juu ya pini, kizuizi cha makro kinachoifunika, seli mbili zilizobanana.

Programu yenyewe huvumilia. Ikitafuta mahali pa kuigusa pini, hujaribu kwanza makutano ya traki, kisha nusu ya traki, kisha katikati ya umbo la pini. Pini iliyo nje ya traki kwa hiyo hupatikana mara nyingi, ila kwa gharama. Inaposhindikana ni pale pini ni ndogo, jirani zake nazo ziko nje ya traki, na kila jaribio la mmoja linamgonga mwingine.

Ukishaondoa vizuizi kwenye orodha ya washukiwa, angalia safu za seli zinaanzia wapi. Nafasi moja ya seli kwenye maktaba hii ina upana wa 0.46 na kimo cha 2.72. Upana ni sawa na pichi ya met2, na kimo ni pichi 8 za met1. Seli zimechorwa kwa imani kwamba safu itaanzia kwenye kigawe cha vipimo hivyo, na pini zake zitaangukia kwenye traki. Ukitumia OpenLane, mfululizo wa programu unaoitumia OpenROAD, bila kubadilisha kitu utaona eneo la seli linaanzia x = 5.52 na y = 10.88. Namba hizo zinaonekana za ajabu hadi uzigawanye: 5.52 ni nafasi 12 za seli, na 10.88 ni vimo 4 vya safu.

Anayeandika 5 na 10 kwa sababu ni namba nzuri machoni anazihamisha seli zote. Programu nyingine itakusahihishia kimya kimya na safu zako zitaanzia mahali usipopaandika. Nyingine itakutii, na kila pini ya kila seli itakuwa na baki ile ile ya traki. Fungua DEF, soma mstari wa kwanza wa ROW, ugawanye mwenyewe.

Soma na mistari ya TRACKS. Mfano huu ni wa kipande chenye upana wa 161.00:

TRACKS X 230 DO 350 STEP 460 LAYER met2 ;

Unasema: anzia 230, weka traki 350, kila moja ikiwa nanomita 460 kutoka iliyotangulia. Ya mwisho inaangukia 160.77, na hapo imebaki 0.23 hadi ukingo, sawasawa na mwanzo. Upana huo wa 161.00 ni wa kigae kimoja cha Tiny Tapeout, mradi ambao watu wengi hugawana chipu moja, na kimo chake ni 111.52. Gawanya: 161.00 ni nafasi 350 za seli na pichi 175 za met4, 111.52 ni safu 41 na pichi 164 za met3. Napenda sana kazi iliyopimwa namna hii, maana mtumiaji anaweza kupanga vigae ubavu kwa ubavu bila kuvuruga traki za jirani. Eneo la mtumiaji kwenye Caravel, fremu ya chipu iliyo tayari kwa SKY130, kwa upande mwingine, ni mikromita 2920 kwa 3520, na 2920 haigawanyiki kwa 0.46. Hilo si kosa. Traki huhesabiwa kutoka kushoto na chini, na upande wa kulia unabaki na kipande kisichotumika. Tatizo linakuja pale tu unapopanga pini za upande wa kulia au wa juu kwa kupima kutoka ukingo huo.

Kuna ujumbe mwingine, DRT-0416, unaosema wazi kwamba umbo la pini si kigawe cha gridi ya utengenezaji. Huu hauna ubishi: kosa liko kwenye LEF ya makro. Ninachowasihi watu ni wasiirekebishe LEF peke yake. LEF ni picha tu ya makro. Metali halisi iko kwenye GDS. Ukisogeza pini kwenye LEF kwa nanomita 2 na kuiacha GDS, programu itanyamaza na waya utagusa pini pembeni kidogo ya mahali ilipo kweli. Rekebisha mchoro, kisha toa LEF upya.

Dalili: makro ilikuwa sawa, ikageuzwa, ikaharibika

Makro ina traki zake za ndani zilizohesabiwa kutoka kona yake ya chini kushoto. Ukiiweka kwenye chipu kubwa, traki zake zitakubaliana na za chipu iwapo tu mahali ulipoiweka ni kigawe cha pichi. Hapa Kigawe Kidogo cha Shirika cha hesabu za shule ya msingi kinafanya kazi yake. Kwa x, KDS ya 0.46 na 0.92 ni 0.92. Kwa y, KDS ya 0.34 na 0.68 ni 0.68, na safu ya 2.72 ni mara nne yake. Ukiiweka makro kwenye 200.00 na 150.00, ukaguzi wa gridi ya kiwanda utapita bila kosa, lakini pini zote zitakuwa nje ya traki. Ukiiweka kwenye 200.56 na 150.28, zitakaa. Met5 ni mkaidi zaidi: KDS ya 3.40 na 2.72 ni 13.60, yaani safu tano.

Kuigeuza kushoto kulia kunaongeza sharti moja: upana wa makro yenyewe. Pini ya met2 iliyo kwenye 0.23 ndani ya makro yenye upana wa 100.00 itahamia 99.77 baada ya kugeuzwa. Toa 0.23, gawanya kwa 0.46, unapata 216 na baki. Upana ungekuwa 100.28, ambao ni pichi 218, pini ingehamia 100.05 na kuangukia juu ya traki. Kwa hiyo anayetengeneza makro kwa ajili ya wengine aufanye upana kuwa kigawe cha 0.92 na kimo kuwa kigawe cha 0.68, hata kama itamgharimu nusu mikromita ya nafasi tupu.

Kuizungusha nyuzi 90 ni jambo jingine kabisa. Pini za met4 zilizokuwa wima zinalala, na traki za mlalo za chipu hazina uhusiano na pichi zake. Ikilazimu kuzungusha, tengeneza toleo la pili la makro lililoelekezwa upya.

Dalili: via mbili jirani zinadaiwa kuwa na pengo la 0.08

Namba 0.08 ikijirudia kwenye met1, hesabu inasema chanzo waziwazi. Upana wa chini ni 0.14 na pengo la chini ni 0.14, kwa hiyo nyaya tupu zingeweza kukaa kila 0.28. Pichi lakini ni 0.34, kwa sababu waya hubeba via. Via ya kati ya met1 na met2 ina upana wa 0.15, na met1 inapaswa kuizidi kwa 0.055 upande mmoja na 0.085 upande mwingine, hivyo kitako chake, yaani kipande cha metali kinachoizunguka, ni 0.26 kwa 0.32. Nusu ya waya 0.07, pengo 0.14, nusu ya kitako 0.13: jumla 0.34. Pichi ya met1 imepimwa ili waya upite kando ya via, si via kando ya via.

Via mbili zikikaa kwenye traki jirani za met1 mahali pale pale pa x, vitako vyake vinaachana kwa 0.34 toa 0.26, yaani 0.08. Programu nzuri huzipishanisha. Makosa haya yakibaki, mara nyingi ni kwa sababu hakukuwa na nafasi ya kupishanisha: eneo limejaa mno, au via ziliwekwa kwa mkono. Punguza msongamano wa seli mahali hapo. Usipanue pichi ya met1 kwenye faili la traki, kwa kuwa utavunja uwiano wake na kimo cha safu na kuzalisha tatizo la pini zisizofikika.

Met2 haina taabu hii. Kitako kipana cha 0.32 na pengo la 0.14 vinatoa 0.46 kamili, kwa hiyo via kando ya via inaruhusiwa kwa mkao wowote.

Dalili: traki zinapungua bila sababu inayoonekana

Ripoti ya msongamano inasema met4 imejaa, lakini ukitazama mchoro unaona nafasi. Tazama mikanda ya umeme. Mkanda wa met4 wenye upana wa 1.60 unahitaji pengo la 0.30 kila upande. Nusu ya mkanda 0.80, pengo 0.30, nusu ya waya 0.15: traki yoyote iliyo karibu na katikati ya mkanda kwa chini ya 1.25 imekufa. Mkanda ukikaa katikati juu ya traki, unaua hiyo na moja kila upande, jumla tatu. Ukikaa katikati ya traki mbili, zilizo umbali wa 0.46 zinakufa, na zinazofuata ziko umbali wa 1.38, salama. Jumla mbili. Mkanda ule ule, umeme ule ule, traki moja zaidi kwa kila mkanda.

Kwa kuwa traki za met4 zinaanzia 0.46, katikati ya traki mbili ni kigawe chochote cha 0.92. Weka katikati ya mkanda wa kwanza hapo, kisha uchague umbali wa mikanda ulio kigawe cha 0.92 pia. Umbali wa 150.00 unaacha baki ya 0.04, kila mkanda unasogea kidogo, na wa tano tayari unaua traki tatu. Umbali wa 150.88 unabaki mahali pake hadi mwisho wa chipu.

Dalili: kila mahali kuna ngazi ndogo za 0.23

Hii si hitilafu. Traki za met2 ziko kwenye 0.23, 0.69, 1.15, 1.61. Za met4 ziko kwenye 0.46, 1.38. Hazikutani popote, kila traki ya met4 iko katikati kabisa ya mbili za met2. Waya unaopanda kutoka met2 hadi met4 lazima utembee 0.23 kwenye met3. Met1 na met3 nazo ziko hivyo hivyo kwa y, kwa hatua ya 0.17. Kinachopaswa kukushughulisha ni eneo la chini la met3, mikromita za mraba 0.240: kwa upana wa 0.30, kipande hicho kifupi lazima kirefushwe hadi 0.80. Ukikiona kirefu kuliko ulivyotarajia, kiache.

Dalili: programu moja inapitisha, nyingine inakataa

Ukaguzi unaotazama kila seli peke yake hauwezi kuona asili iliyowekwa nje ya gridi, kwa sababu ndani ya seli kila kona ni safi. Ukaguzi unaotandaza ngazi zote za seli kuwa mchoro mmoja huiona. Amini wa pili.

Chanzo kingine ni uniti ya faili la GDS. Makro iliyochorwa kwa uniti ya 0.0005 inaweza kubeba kona kwenye 0.2305, ikiunganishwa na chipu ya uniti 0.001, kona hiyo inahamia 0.230 au 0.231 kutegemea programu inavyosukuma, na mmoja wenu atapata kosa ambalo mwenzake haoni. Fungua kila faili kivyake kwenye KLayout kabla ya kuyaunganisha, soma uniti yake kwenye sifa za mpangilio, na uendeshe ukaguzi wa 0.005 kwenye faili la asili. Makro yenye kosa hapo irudishwe kwa aliyeichora.